Maji Yasiyo na Kitu

Niliinunua kwa Kombe wa Bamburi, mimi mkono wa nne.
Rangi nyekundu iliyochoka ikawa waridi,
kiti kimeshonwa kwa uzi wa gunia,
saa ya mwendo imekufa kwenye 38,214.
"Haina tatizo," alisema,
na kweli halikuwa moja. Yalikuwa matano.

Sasa kilomita nazihesabu mwenyewe
nyuma ya daftari la mwanangu, baada ya jiografia:
Mishomoroni hadi Makadara, kwenda na kurudi, kumi na sita.
Siku kumi, kaza cheni.
Siku hamsini, badili oili.
Siku ya mvua ihesabu mbili.

Hapa kwetu chuma hakifi kwa kazi. Hufa kwa hewa.
Wewe umelala, chumvi inatembea,
inapanda ukuta, inalamba spoku,
inakaa kwenye uzi wa skrubu
kama mgeni aliyeambiwa karibu akasahau kuondoka.
Bandu bandu huisha gogo,
na kutu haishiki hata shoka.

Nikasema nitaiosha. Kwa maji gani?
Ya kisima cha plotini ni ya chumvi,
sabuni haitoi povu.
Ya mkokoteni ni matamu, shilingi thelathini mtungi,
na mtungi una wenyewe: mchele, maharagwe, kinywa cha mama.
Nani atamnyima mamake glasi aipe pikipiki?
Nikaiosha kwa ya kisima mwezi mzima, mjinga mimi,
naipaka ugonjwa nikidhani naifuta vumbi.

Cheni ilikatika juu ya daraja la Nyali,
saa moja kasoro asubuhi.
Nikaisukuma kurudi Kongowea,
malori yakinipigia honi kana kwamba nimekusudia.
Fundi Mwero, nyuma ya wauza viazi,
alizishika zile ncha mbili kama mkufu wa marehemu.
"Mejumaa, imekatika lini?"
"Leo."
"Leo umejua tu."

Cheni na sproketi zake: elfu moja mia nane.
Nililipa mia nane.
Deni nikaliandika chini ya mito ya Afrika.

Maabara ninapofanya kazi ina mashine ya baridi,
bomba lake latoka dirishani,
tone, tone, mchana kutwa,
juu ya saruji iliyoota ukijani.
Miaka sita nalikanyaga lile dimbwi nikilaani viatu.
Siku hiyo, mikono ingali na grisi usiotoka,
nilikinga tone kwa ncha ya ulimi.
Halina ladha. Halina chumvi, halina chuma, halina habari.

Tangu hapo galoni ya mafuta ya kupikia
hukaa chini ya bomba. Alasiri imejaa.
Naifunga nyuma ya kiti kwa mpira,
pikipiki ikabeba maji yake yenyewe ya kuoga.
Wenzangu hucheka: "Mejumaa kabeba jasho la hospitali!"
Na wacheke.
Jioni kitambaa, mswaki mkuukuu,
spoku thelathini na sita, moja moja,
oili kwenye cheni kwa unyoya wa kuku.
Betri nayo hupewa funda lake.
Mwanangu hunishikia tochi,
anamulika paka.

Mwezi uliopita wakaleta mashine mpya.
Bomba lake laingia ukutani,
maji yaendako hajui mtu.
Wiki haikwisha, rimu ikaota vidoa
kama ndizi iliyosahauliwa kapuni.

Leo nimesimama nje ya benki ya jirani, galoni mkononi.
Askari, Nyamawi jina lake kifuani,
amenitazama mimi, akaitazama galoni,
akalitazama tone linaloanguka kando ya kiti chake.
"Maji haya yana dawa gani?"
"Hayana kitu."
Akafikiri kidogo.
Akasogeza kiti.
"Kesho lete galoni mbili," akasema.
"Nina baiskeli."