Bandi

Ofisi ya ajira ya kitivo ilikuwa chini kabisa, jirani na boila.
Bi Thorvaldson, miwani ikining'inia kifuani,
akanisukumia karatasi yenye safu tatu:
Mwaka huu. Miaka mitano. Miaka kumi.
"Andika kwa penseli, Benilda. Maisha hufuta."

Nikaandika: kufaulu sheria ya ushahidi.
Nikaandika: kupata wakili wa kunipokea mwaka wa uanagenzi.
Safu ya tatu nikaiacha nyeupe
kama mto wa Winnipeg mwezi wa Januari,
watu wanaukanyaga bila kuuliza chini kuna nini.

Wasifu wangu aliusoma kwa kalamu nyekundu.
"Hapa, viangazi vinne, hukuwa na kitu?"
Nilikuwa kiwandani na mama, nikasema,
ghorofa ya tatu, makoti ya kiume.
Nikiwasomea akina mama hati za mishahara,
nikihesabu vipande walivyoshona na vipande walivyolipwa,
halafu napanda kwa msimamizi, Bwana Pruden,
kumwambia kwa Kiingereza waliyoyasema kwa Kitagalogi,
nikipunguza matusi.

Bi Thorvaldson akaweka kalamu chini.
"Na ulipanga kuniambia lini?"

Nilidhani kazi ni ile wengine wanayoiita kazi.

Koti nililinunua kwenye mitumba ya kanisa, dola kumi na moja,
rangi ya makaa, mabega mapana kidogo.
Usiku nikajizoeza mbele ya kioo cha bafuni:
kushika mkono, bila kubana, bila kulegea;
kutaja udhaifu wangu mkubwa,
udhaifu uliokwisha kuoga na kuchana nywele.
Nikataka kutia mkono mfukoni, nionekane nimetulia.
Mkono ukagonga kitambaa.

"Mama, mifuko hii ya uongo."
Mama, miguu ndani ya beseni la maji ya moto,
hakuinua hata kichwa.
"Si ya uongo. Imepigwa bandi,
koti lisipoteze umbo likiwa dukani.
Mwenye nalo ndiye wa kufumua."
Redio ikatangaza nyuzi thelathini chini ya sifuri.
"Miaka kumi na tisa ninaifunga,
mifuko mia sita kwa siku.
Sijapata kuona mmoja ukifunguliwa."

Akafuta mikono, akatwaa kijembe,
akakata uzi mahali pamoja, akavuta;
mshono mzima ukaachia
kama mkataba usio na shahidi.
Ndani hamkuwa na kitu. Kiza cha bitana, baridi,
na nafasi ya mkono mmoja.

Ghorofa ya ishirini na saba. Watu watatu, glasi ya maji.
Waliniuliza nitakuwa wapi baada ya miaka mitano.
Jibu nilikuwa nimelikariri hadi likapauka.
Nikafungua kinywa, likatoka jingine:
hati za mishahara, Bwana Pruden, matusi niliyopunguza,
na moja ambalo sikulipunguza.
Mmoja akacheka. Mmoja akaandika.
Wa tatu alitazama saa,
na huyo ndiye niliyerudi naye kichwani njia nzima.

Siku ya kupigiwa simu ni moja kwa jiji zima,
kuanzia saa mbili kamili asubuhi.
Saa mbili na dakika nne, ikalia:
shangazi Purificacion, kutoka Batangas,
anauliza kama koti lilinitosha.
"Lilinitosha, shangazi. Kata simu. Nakupenda. Kata."

Sasa ni saa mbili na dakika kumi na moja.
Mama anachelewa kazini kwa makusudi, mara yake ya kwanza;
amesimama mlangoni na buti zake,
havui, hatoki.
Nami nimevaa koti juu ya nguo za kulalia,
mkono mfukoni,
kidole kinapapasa kipande cha uzi kilichosalia pembeni,
kile ambacho mama alikisahau,
au alikiacha.