Jeneza la Karatasi

Tangazo lilikaa getini wiki mbili:
Mhadhara wa Wazi, Masomo ya Kiyahudi,
Wote Mnakaribishwa, Chai Ipo.
Mvua ya Nyegezi ikafuta yote isipokuwa chai.
Nilipanga viti themanini, ndivyo fomu ilivyosema.
Wakaja kumi na wanne.

Dakta Nkwimba Malegi hakusubiri wengine.
"Neno la leo," akasema, "ni geniza."
Mtu wa nyuma akaguna: jeneza?
Tukacheka, na mimi nimo.
Yeye hakucheka. Aligeuka kidogo,
kama aliyeitwa na jirani akiwa njiani.
"Huenda ni ndugu. Huenda wamefanana sura tu.
Nimetafuta miaka sita, sina ushahidi."
Akaliandika ubaoni kutoka kulia kwenda kushoto,
na Mzee Abdalla wa maktaba akatabasamu:
njia ile anaijua
tangu alifu kwa ujiti.

Karatasi yenye jina la Mungu, akasema, haitupwi.
Ikichakaa inawekwa chumbani, ingoje kuzikwa.
Lakini kuna watu, Misri ya zamani,
walioogopa kukosea, wakaweka kila kitu:
hesabu ya vitunguu, hati ya talaka,
zoezi la mtoto aliyerudia herufi moja mpaka mkono ukachoka,
deni ambalo mdai na mdaiwa
wote ni vumbi sasa.
"Hata kwenye majina yenu," akasema,
"ile *eli* ya mwishoni ni Mungu, amejikunja."

Mchungaji Bugalama akanyoosha mkono:
hekalu litajengwa lini?
"Leo nina vitunguu tu," akajibu.

Saa kumi na moja na robo umeme ukakatika.
Picha ya ukutani ikafa katikati ya neno.
Tukaburuta viti dirishani,
tukasomewa talaka ya miaka elfu
kwa mwanga uliotoka ziwani, mwanga wa bati kuukuu,
na wadudu wa ziwa wakiingia kama moshi usio na moto.

Ndipo aliyekaa mlangoni akasimama,
sinia la karanga bado kichwani.
Alikuwa amekimbia mvua tu.
"Mimi nafungia karatasi za mitihani," akasema.
"Juzi nimeletewa daftari la dini.
Kila ukurasa Mungu, Mungu.
Nimelichana lote. Karanga zimeliwa.
Sasa mwalimu, nifanyeje?"

Hakuna aliyeguna safari hii.
Dakta akavua miwani.
"Wenye sheria hiyo," akasema, "swali lako
lingewakesha watu wawili mpaka alfajiri,
na kungepambazuka hawajakubaliana, wamefurahi.
Mimi ni mtafiti. Jibu sina.
Naomba kuliandika."
Akaliandika kwa penseli nyuma ya ratiba.
Akauliza jina. Ngollo.
L ngapi?
Mbili, akasema mama, akalishusha sinia
ili ahakikishe zimeandikwa zote.

Chai ilikuwa imepoa. Tuliinywa.

Kila Ijumaa nachoma makaratasi ya ukumbi
kwenye pipa lililo nyuma, karibu na jabali.
Ijumaa ile juu kabisa palikuwa na orodha ya waliohudhuria:
Danieli, mwaka wa pili. Abdalla, maktaba.
Mikaeli, aliyefuata chai.
Na chini, kwa mwandiko wangu mwenyewe,
Yoeli, mtunza ukumbi.
Njiti ikaungua mpaka kidoleni.

Mengine niliyachoma, sitadanganya:
ankara, bahasha, dondoo za kikao cha maegesho.
Ile orodha iko droo ya funguo.
Siku hizi ipo pamoja na nyingine,
na droo imeanza kukataa kufunga.
Mhasibu ameniuliza mara mbili ninatunza nini.
Nimemwambia jeneza.
Akatazama droo, akanitazama mimi,
akaenda zake bila kusaini kitabu cha funguo.