Risiti

Ukumbi wa kanisa, parokia ya Mtakatifu Lucy, Barbados.
Feni mbili zinazunguka, moja inalalamika.
Mezani jagi la maji, kipaza sauti,
na bwana kutoka Dorset, Peregrine Aldworth,
kitukuu cha wenye mashamba,
uso mwekundu kwa jua la siku tatu.

Anaomba radhi. Anaomba vizuri.
Anasema pia: mimi sikumnunua mtu,
mjeledi sijaushika,
waliotenda na waliotendwa wote ni udongo;
nani amlipe nani, na kiasi gani?
Mpwa wangu Deighton, mwalimu, anasimama:
paa la shule linavuja, tuanze na paa.
Mchungaji anataka sala.
Kijana wa safu ya nyuma anataka ardhi yote, leo leo.

Mimi Verlene Gittens, miaka themanini na miwili,
nimekuja na boksi la viatu.

Nilitoka hapa nikiwa na miaka kumi na tisa;
Uingereza ilitaka mikono.
Nikasugua sakafu za hospitali mjini Leeds
usiku, miaka thelathini na minne,
vidole vikinuka dawa hata siku ya harusi yangu.
Kila Ijumaa bahasha, na ndani karatasi nyembamba:
mshahara, na chini yake, kwa wino wa buluu, kodi.
Sikutupa hata moja. Mama alinifunza:
karatasi ya serikali huitupi, ipo siku itakuita.

Nilipostaafu nikapanda treni hadi London,
kwenye nyumba yanamotunzwa madaftari ya kale.
Wakaniletea kitabu juu ya mto
(kitabu kina mto!), nikafungua.
Shamba la Aldworth. Watu mia na kumi na wawili.
Quashey, fundi wa mapipa, pauni arobaini.
Phibba, wa shambani, pauni ishirini na tatu.
Na mstari wa mwisho kabla ya jumla:
mtoto wa Phibba, hajapewa jina, mzima, pauni nne.

Mtoto yule ndiye aliyemzaa aliyemzaa bibi yangu.

Fidia, kitabu kinasema. Neno zuri hilo.
Nikatafuta alipofidiwa Phibba.
Nikageuza ukurasa; nyuma kweupe.
Fidia alipewa Aldworth, kwa hasara ya kumpoteza.

Na serikali haikuwa na fedha za kutosha, ikakopa.
Na mkopo ule, kama kidonda cha kisukari, haukupona:
ukalipwa, ukalipwa, mpaka juzi hivi,
kwa kodi.
Kodi ya nani?

Hapo nafungua boksi.

Bwana Aldworth, wewe deni hulisikii
kwa kuwa hukulikopa.
Mimi nalisikia kwa kuwa nililipa.
Dawa ya deni kulipa;
nami nilikunywa dawa, ugonjwa ukiwa wako.
Nilimnunua Phibba kwa babu yako
kwa ndoo na brashi, Ijumaa baada ya Ijumaa,
na hakuna aliyeniletea nyumbani.

Nimepiga hesabu. Fungu langu katika mkopo ule
ni pauni moja na peni sitini, labda pungufu.
Ukumbi unacheka. Nami nacheka kidogo.
Sisemi hilo ndilo deni. Deni lenyewe
sijui kama ipo kalamu ya kuliandika;
la ardhi wapiganie vijana, la paa Deighton.
Mimi naanza na hili, lenye karatasi.

Anapapasa mfuko. Anatoa noti ya pauni tano,
mkono unamtetemeka: chenji baki nayo, mama.

La, mwanangu. Chenji ninayo.
Nimezihesabu senti hizi tangu jana kitandani.
Chukua, kaa chini, uniandikie risiti:
nyumba ya Aldworth ilipokea pauni nne,
kwa ajili ya nani.
Andika polepole.
Pale penye jina la mtoto
acha nafasi.