Kimya cha Chumba

Jua halina sauti.
Hilo niliambiwa na masikio yangu siku ya kwanza,
juu ya dari ya ghorofa ya nne, Guraya,
paneli kumi na mbili zimelala chali kama wagonjwa wa wadi moja,
Nyevu amepiga goti na kamera yake,
nami na fimbo yangu ndefu ya maikrofoni
naambulia kunguru,
naambulia mkokoteni wa muuza maji,
naambulia upepo.
Umeme wenyewe unanipita chini ya pua
kimya, kama mgeni aliyevua viatu mlangoni.

"Umepata?" Nyevu aliuliza.
Nimepata nini?

Tukashuka kwa Fundi Lali.
Jenereta yake anaiita Somo,
kwa kuwa, asema, ndiye aliyemfunda.
Ukuta wa nyuma mweusi kwa masizi,
nyaya zatoka dirishani kwenda kwa kinyozi,
kwa mshonaji, kwa mwenye fotokopi,
kwa Tima wa barafu za ukwaju.
Yaani zilikuwa zikienda. Uliobaki na uhai ni mmoja, wa Tima,
na Tima naye ameshaweka arubuni ya paneli.
Hakumwambia Lali.
Alituambia sisi, mbele ya kamera,
kisha akatuomba tufute.

Jumanne mvua ilianza alfajiri.
Stima ikapotea mtaa mzima,
paneli zikashinda zikinywa mawingu,
na kufika saa nne betri zetu zote zilikuwa zimekata roho.
Lali alishika mkono wa chuma, akazungusha.
"Yuwataka kukohoa kwanza," alisema, "ndipo aamke."
Akakohoa. Akaamka. Vikombe vikacheza kabatini.
Filamu ya jua tukaichaji kwa dizeli,
shilingi hamsini kila betri,
na hakupunguza hata senti.

"Hili halimo," Nyevu alinong'ona.
Mimi kinasa sauti changu nilikiacha kikienda.

Lali alipangusa vidole kimoja kimoja.
"Mtaniweka wapi? Mwanzo au mwisho?"
"Mwanzo," alisema Nyevu.
"Aaa.
Basi giza ndiyo mimi."
Hakuna aliyemjibu. Tima aligeukia friji yake,
akahesabu barafu alizokwisha kuzihesabu.

Kazi yangu ina ada yake.
Kabla ya kukunja nyaya, watu wote hutulia nusu dakika
ninase kimya cha chumba,
maana hakuna vyumba viwili vyenye kimya kimoja;
mhariri atakihitaji kuzibia nyufa.
Nikamwomba Lali azime.
Alimgusa Somo begani, akamzima,
na ukimya ukaanguka juu yetu kama turubai iliyolowa.

Kisha vikaanza kutokeza, kimoja baada ya kingine:
tone la mafuta juu ya bati,
saa ya ukutani inayochechemea,
mtoto wa jirani na jedwali la saba,
saba mara sita, saba mara sita, amekwama.
Na chini ya vyote hivyo
filimbi nyembamba.
Nilidhani ni waya. Nilisogeza fimbo.
Kilikuwa kifua cha Lali,
miaka ishirini na sita ya moshi
ikipanda ngazi, ikipumzika, ikishuka.
Mimi nilisikia kwa vipokea sauti.
Yeye, nadhani, ilikuwa mara yake ya kwanza kujisikia.
Akafunga kifungo cha juu cha shati,
kana kwamba sauti ingepitia hapo.

Ishirini na nane. Ishirini na tisa.
"Ahsante," nikasema.
Akamwasha tena upesi, hata kabla sijakunja waya.

Wiki tatu baadaye, kwenye uhariri,
Nyevu alikata sekunde nne za kimya kile,
akazitandika chini ya picha ya dari asubuhi,
paneli kumi na mbili, mwanga unazipanda polepole.
"Sikiliza," aliniambia, anang'ara. "Hatimaye jua lina sauti."
Nilisikiliza.
Ilipanda ngazi, ikapumzika.
Watazamaji watadhani ni upepo.