Jumamosi kwa Fundi Chola

Jina langu, alipolisoma daftarini, liliwachekesha vijana.
Mujinga.
Wacheke. Nimekizoea kicheko hicho tangu shule ya msingi.
Kwetu Kasai ni jina la mtoto aliyezaliwa
kitovu kimemzunguka shingo,
mkunga akakifungua taratibu, duru kwa duru.
Hapa Katuba, miaka arobaini na tisa baadaye,
Fundi Chola ananivika kebo nene begani,
anaipitisha nyuma ya shingo isinivute mkono.
"Hivi, mama. Sasa uzito unabebwa na mwili, si kiganja."
Nikanyamaza. Kuna mambo hayasemeki
mbele ya vijana wenye haraka ya kwenda Kolwezi.

Wao wanatafuta kazi. Mimi kazi ninayo:
Jumatatu hadi Ijumaa napiga mihuri ofisi ya bima,
nakokotoa fidia za magari yaliyogongana njia ya Likasi.
"Basi unataka nini huku?" aliuliza Kapend,
soksi zake zimetobolewa na cheche.
Nataka kujua vitu hushikanaje, nikasema.
Jibu la Mujinga. Lilinitoka lenyewe.

Bageti ya kwanza ilinasa.
Ya pili ikanasa. Ya tatu niliitikisa
kama mtu anayeng'oa muhogo kwenye ardhi kavu.
"Usiichome kama sindano. Ikwaruze, kama kiberiti,
halafu iinue kidogo tu, punje ya mchele."
Punje ya mchele! Ndani ya maski hakuna mchele,
hakuna Katuba, hakuna hata mkono wangu.
Giza la kijani, kisha
kidimbwi kidogo cha moto kinachotetemeka
kikingoja nikiongoze, na mimi sijui niendako.

"Sikiliza," anasema. "Ukisikia ndagala zinakaangwa, uko sawa.
Ukisikia mtu anatema mate, umekwenda mbali."
Ndagala nazijua.
Ndagala, ndagala, mate. Ndagala.

Halafu nyundo ndogo, na ganda jeusi linabanduka.
"Mavi ya chuma," anasema Chola bila aibu,
na safari hii hakuna aliyecheka.
Nani mjini humu hakukua akiutazama
ule mlima mweusi kando ya bomba la moshi,
mavi ya shaba, yaliyomwagwa yakiwaka usiku baada ya usiku?
Baba aliyamwaga miaka ishirini na miwili.
Nikimpelekea chakula, niliishia getini.
Harufu ya shati lake nimeikuta leo
kwenye kola yangu.

Saa nne umeme ulikatika katikati ya mstari.
Mashine ikanyamaza, mtaa mzima ukasikika ghafla:
jogoo, redio ya betri, mtu anamdai mtu.
Tukakaa juu ya mabomba tukala karanga.
"Ulipokatikia, usianzie hapohapo," alisema Chola.
"Rudi nyuma kidogo, panda juu ya ulichokwisha kushona,
ndipo uendelee."
Nililiandika hilo nyuma ya fomu ya madai.

Usiku ule macho yalijaa mchanga.
Nilikuwa nimeinua maski, mara moja tu, nione uzuri wake.
Kanyinda alikata viazi vibichi, akanibandika kopeni,
akinung'unika gizani:
mwanamke mwenye mshahara wake!
Lakini alivibadilisha kila vilipopata joto, hadi alfajiri.

Wiki ya tisa nimerudi nyumbani na mbabula.
Inaegemea kushoto. Bukari ikisongwa, sufuria inateleza;
Kanyinda ameweka kijiwe chini ya mguu mmoja,
wala hajasema neno.
Mishono karibu yote ni mavi ya mbuzi.
Ila kwenye kiungo cha tatu, kwa ndani,
kuna sentimita nne zimelala vizuri,
gamba juu ya gamba, kama ubavu wa samaki.
Makala yakishika, huinama
kana kwamba napuliza moto,
nikaziangalia.