Kilo Nne za Maji

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Niliinama,
miaka thelathini na mmoja juu ya mbao za mbambakofi,
patasi kushoto, nyundo kulia,
kidevu kikigusa kifua.
Methali haikunambia namna ya kuinuka.

Kwanza lilikuja ganzi la kidole gumba.
Kisha, adhuhuri moja, karakanani Mkomani,
patasi ikaniponyoka
ikachimba ua nililolichonga siku tatu.
Lali, mwanafunzi wangu, akatazama pembeni
kwa adabu, kana kwamba nimevuliwa kikoi.

Hospitalini Bi Kadzo alinibonyeza pingili moja moja.
"Hapa?"
Hapo.
Akanionyesha picha: mifupa imekaliana
kama mawe ya ukuta uliokwisha chokaa.
"Inataka nafasi," akasema. "Kidogo tu."
Nilitaka kucheka. Mtaani kwetu
punda wawili wakikutana, mmoja hurudi nyuma.
Nafasi ataitoa nani?

Famau akatuma kifaa kutoka Mombasa:
ndoano, kapi, kamba,
mkanda wa kidevu unaonuka plastiki,
na mfuko wa maji wenye mistari ya kilo.
Nilikipokea shingo upande.
Si msemo. Ilikuwa haigeuki.

Nikakipeleka kwenye mlango wa daka,
kazi yangu mwenyewe, mwaka aliozaliwa Famau.
Ndoano ikakataa. Ubao mnene mno.
Nikajaribu wa chumbani. Nao wangu, nao ukakataa.
Ukabaki wa jikoni,
wa plaiwudi, wa dukani,
alioununua Mwanakombo nilipokuwa Pate,
na ambao kwa miaka sita nimeuita kipande cha boksi.
Ndoano ikakaa, tap.
Mwanakombo hakusema kitu.
Alikuna nazi. Mbuzi ikasema kwa niaba yake.

Kilo mbili juma la kwanza, kisha tatu, kisha nne,
robo saa baada ya alasiri,
kiti kikitazama mlango.
"Ukiona kizunguzungu, achia," aliagiza Bi Kadzo,
"na kidevu usikikaze."
Hakuagiza kuhusu ulimi.
Mkanda ukishapanda, mdomo umefungwa;
natoa mguno mmoja tu, wa ndiyo na wa hapana.

Siku ya tatu Mwanakombo akagundua.
Akavuta kibao cha nazi, akaanza.
Deni la duka la Shekuwe.
Famau hataki patasi, hajawahi kuitaka,
anaogopa kunambia.
Lile tangi la darini linavuja tangu Shaabani.
Mimi, mm.
Maji mgongoni mwa mlango yakiyumba,
kapi likilia kidogo,
na mahali fulani ndani ya shingo
kitu kikijitenga na kitu kingine,
taratibu, kama watu waliogombana
wakisogeleana pembeni mkekani wapishe mgeni.

Siku ya tisa akasema, huku akipepeta mchele,
"Hata mimi inaniuma. Hapa. Tangu ndoo za kisimani."
Tangu ndoo za kisimani!
Famau alikuwa hajaota meno.
Nikaguna. Mguno haukutosha.
Nikafungua mkanda kabla ya wakati,
nikamwaga maji mpaka mstari wa mbili.
"Kaa," nikamwambia. "Kesho twende kwa Bi Kadzo
kwanza akuone, lakini kaa, ujaribu kiti."
Akakaa. Akacheka kwanza.
"Kitwa changu chepesi kuliko chako."

Sijapona. Kidole gumba kimeamka nusu,
baridi ya Julai bado hunirudisha kitandani.
Ila jana nikienda sokoni
nilisimama chini ya kizingiti cha nyumba ya Bwana Athman,
nikainua uso.
Kizingiti hiki nilikichonga kimelazwa, mimi juu yake;
sijawahi kukitazama kutoka chini.
Jani la nne kutoka kulia limepinda.
Limepinda wazi, hata mtoto angeliona.
Nikasimama pale, shingo nyuma,
mpaka mwenye punda akanipigia kelele nipishe.