Gari la Waya

Wamejenga bustani ya michezo chini ya Wanale,
na langoni wamesimamisha gari la waya
ambalo kimo chake chapita paa la kanisa.
Mimi ndiye niliyelichomelea.
Siku arobaini na moja, usiku macho yakiniwasha,
Nandudu akinikanda kwa majani ya chai yaliyopoa.

La kwanza nililiunda nikiwa darasa la tatu,
kwa waya wa uzio wa misheni (niliuiba, basi),
magurudumu vifuniko vya soda,
usukani mrefu hadi kifuani.
Nikaliendesha mpaka Nkoma na kurudi,
mdomo ndio injini.

Jumapili nimewapeleka wanangu.
Nimelipa kiingilio kama mtu yeyote.
Mlinzi hakunijua.
Khainza akapanda, akafungwa mkanda,
gari likazunguka mara tatu, likasimama palepale.
"Baba, mbona haliendi mahali?"

Nikatazama maungio,
kila kovu la chuma nalijua.
Jibu halikuwemo.

Njiani akaokota kipande cha waya,
akaanza kukipinda kwa meno.
Meno si koleo, nikamwambia.
Koleo lenyewe nilikuwa nalo mfukoni.